Mkanda Nisioweza Kujifunga Mwenyewe

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, Mlima Meru umejificha wote, kuni zimelowa na nyumba imejaa moshi. Nina hasira na kila kitu.

Mkanda uko hapa kitandani, umekunjwa. Sijaufunga tangu tulipomzika mke wangu, Naserian.

Kama siku moja atasoma haya mtu ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko kitabu, nimweleze. Mkanda wa mbebaji si pambo. Ni kitambaa kirefu unachozungushiwa kiunoni, juu kidogo ya nyonga. Unavuta pumzi hadi tumboni, mwenzako anakuwekea goti mgongoni, anavuta ncha kwa nguvu, anakaza fundo. Ukiinua mzigo, tumbo linasukuma kitambaa, nacho kitambaa kinalirudisha tumbo, na mgongo unapata pa kuegemea. Mzigo ukitua, unafungua. Anayeshinda amefungwa kutwa anaufundisha mwili wake uvivu.

Na hujifungi mwenyewe. Fundo la mkono wako litalegea kabla hujanyoosha magoti.

Wenzangu pale bohari hufungana wao kwa wao. Mimi nilifungwa na mke wangu. Aliuza uji na ndizi za kuchoma langoni, na kila gari la ng'ombe lilipoingia na mzigo mkubwa, wabebaji walipiga kelele: "Mama Anna, njoo umfunge mtu wako!" Naye alikuja na mikono yenye majivu, akanisukumia goti lake, akavuta mpaka nikakosa maneno. Alisema hiyo ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo ya kuninyamazisha. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Kitambaa chenyewe kilikuwa mkaja wake, alioufunga tumboni baada ya kumzaa Anna. Anna sasa ameolewa Kisongo. Mama yake amechukuliwa na homa. Mimi nimebaki na kitambaa.

Tangu hapo nabeba bila mkanda, na kila anayeuliza namjibu kwa hotuba. Nina hotuba nzuri. Bwana mwenye bohari ameleta mikanda ya ngozi, na kila anayeivaa anapewa magunia mawili badala ya moja. Nikasema mbele ya nyapara kwamba huo si mkanda, ni ruhusa ya kuongeza mzigo. Nikasema ngozi haiongezi mfupa hata mmoja kwenye uti wa mgongo. Nikasema ng'ombe naye hufungwa kwa ngozi, na hakuna aliyewahi kudai kwamba ni kwa faida ya ng'ombe. Nilifukuzwa ualimu kule misheni kwa mdomo huuhuu, na sioni sababu ya kuufunga sasa.

Kila neno lilikuwa kweli. Bado naliamini.

Lakini leo mchana ilifika mashine ya kumenyea kahawa kutoka Moshi, ya mzungu mmoja mwenye shamba huko juu mlimani. Tulikuwa watu wanne, miti miwili mabegani, chuma kikining'inia katikati. Mimi na mbebaji mwenzangu Lemburis tulikuwa mbele. Wenzangu watatu walifungana. Lemburis akanyoosha mkono: "Lete kitambaa, Mwalimu, nikuvutie." Nikamwambia kwamba mgongo wa mtu huru haufungwi.

"Mgongo wako haujui kusoma," akasema. "Wenzako tutaumia."

Nikaanza kueleza. Nyapara akatuamuru tuinue.

Hatukufika mbali. Kiuno changu kililegea kama kamba iliyooza, nikayumba, na uzito wote ukamwangukia Lemburis. Bega lake limechanika ngozi. Kama mguu wake ungeteleza kwenye lile tope, chuma kingemlalia kifuani.

Nilipomsogelea nimsaidie kufuta damu, nikajikuta nimerudia tena habari ya mikanda na magunia. Nilikuwa nazungumza kwa sauti kubwa. Akanitazama, bila hasira hata kidogo.

"Mwalimu," akasema, "unaisema mikanda, au unamlilia Mama Anna?"

Hakuna aliyecheka.

Miaka yote hii nimebishana na wachungaji, na makarani wa Boma, na magazeti yanayotoka pwani, na sikuwahi kukosa jibu. Leo nilikwenda nikasimama nyuma ya gari, nikajifanya nakagua gurudumu.

Basi niandike hapa nilichoshindwa kumwambia. Kitambaa hiki bado kina harufu yake, moshi, samli, na ule uji ulioungua kidogo. Nikikifunga siku moja tu ya kazi, jasho langu litaifuta. Mkanda mwingine ningeweza kununua duka lolote mjini. Nimekwenda mara kadhaa hadi mlangoni, nikarudi. Naona kama ni kuoa tena.

Kesho linakuja gurudumu la mashine ileile, zito kuliko mashine yenyewe. Lemburis amesema nikija bila mkanda hashiki mti pamoja nami, na ana haki. Ana watoto wadogo Sombetini.

Naserian alinikaza ili nirudi nyumbani nikiwa mzima. Sasa nikirudi mzima, narudi kwa nani? Swali hilo ni langu peke yangu. Lemburis yeye anajua anarudi kwa nani.

Nimekinusa kitambaa kwa muda mrefu, kisha nimekiweka juu ya kofia yangu, pale mlangoni, nisije nikapata hoja asubuhi.

Nitamwomba Lemburis anivutie. Goti lake ni gumu, litaniumiza. Nitavuta pumzi hadi tumboni, nami nitanyamaza.