Faili Lililokataa Kuhama

Songea,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Veronika,

Kanda ya mama haikuharibika. Uliponiuliza siku ya matanga, ukiwa umesimama nje ya uzio kwa sababu hakuna aliyekukaribisha ndani, nilikuambia mashine imeitafuna. Nilidanganya. Wakati nakujibu kanda ilikuwa mfukoni mwa koti langu, na sauti iliyomo nimeishi nayo mpaka leo.

Sasa nikusalimie. Marahaba, maana najua ulipoona mwandiko wangu tu umeshasema shikamoo. Mguu unaendeleaje? Shemeji bado anatoka na ng'ombe, au amewaachia wanawe? Mvua zimefika Mogitu? Mimi hali yangu haifichiki tena. Moyo umechoka. Daktari ameniambia kwa upole, kama mwalimu anayempa mzazi matokeo mabaya ya mtoto, nami nikamshukuru. Kutoka kitandani hadi barazani napumzika mara mbili.

Tangu mke wangu afariki, nyumba hii ina mvumo wa jokofu na jogoo wa jirani, basi. Watu wa hapa ni wema, wananiletea uji, lakini hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia neno la Kiiraqw akaitikia. Juzi nilijikuta namsemesha paka wa jirani. Alinisikiliza kidogo, akaondoka.

Unakumbuka nilivyokuwa nakusanya maneno ya lugha yetu kwa ajili ya kamusi. Yule mtafiti mgeni niliyefanya naye kazi aliniachia kompyuta, na kanda zangu zote tuliziingiza humo, ya mama ikiwamo. Mwaka huu kioo kikaanza kuchora mistari, na mashine ikawa inazimika ikipata joto. Mwanangu akanitumia nyingine. Nikamwita fundi, mama mmoja anaitwa Tekla mwenye kibanda karibu na stendi, anihamishie kila kitu: kwanza kwenye eksteno, ile diski ya nje inayoenea kiganjani, halafu kutoka hapo kwenda kwenye kompyuta mpya.

"Mwalimu," alisema huku akifuta vumbi, "hii mashine ingekuwa mtu, ingekuwa imestaafu na mafao imeshayamaliza."

"Hata mimi nimestaafu, na bado unanifanyisha kazi."

"Lakini wewe huzimiki ovyo."

"Subiri," nikamwambia. Akacheka, kisha akaona sikucheka, akarudi kwenye nyaya zake.

Tulikaa tukitazama ule mstari wa kijani ukijaa taratibu. Mafaili mengi yakahama, halafu tangazo likatokea. Tekla akavaa miwani.

"Kuna saba yamegoma. Yote yana fimbo kwenye jina."

Wewe unaijua fimbo hiyo. Ile sauti yetu ya kooni, ambayo Kiswahili hakina, tunaiandika kwa mkwaju, alama hii: /. Kompyuta ya zamani haikujali. Mfumo mpya haukubali mkwaju kwenye jina la faili. Ukiuona, mfumo hudhani unaelekezwa njia ya kwenda mahali pengine. Mafaili sita yalikuwa orodha za maneno. Tekla akayapa namba, yakapita. La saba lilikuwa linaitwa /Awaak.

Jina lako. Alilokuita mama peke yake, kwa weupe wa ukungu uliokuwa umetanda mlimani siku uliyozaliwa.

"Nikiitoa fimbo?" Tekla akauliza.

"Halitakuwa jina tena."

"Basi nilifute? Labda ni takataka tu." Na kabla sijajibu akalibonyeza, aone lina nini. Mama akaongea sebuleni kwangu.

Tekla hajui neno hata moja la kwetu. Alisikiliza, mkono shavuni. "Huyu bibi anaita mtu," akasema.

"Umejuaje?"

"Mwalimu, mimi nina watoto watano. Kuita nakujua."

Nilipaswa kulizima. Sikulizima. Likaenda hadi mwisho, pale ambapo mlango unalia, mama anauliza kitu, sauti ya kiume inamjibu maneno machache, kisha mama hasemi tena. Inabaki mashine inavuma.

"Na huyo kijana kamwambia nini, mpaka bibi wa watu akanyamaza hivyo?"

Nikasema amemwambia mvua haijanyesha. Tekla akanitazama, akavua miwani, akaifuta.

"Haya. Nilifute au nilihamishe?"

"Lihamishe."

Basi akaandika kwa herufi: mkwaju Awaak. Likapita bila taabu. Hilo ndilo jina utakaloliona, usinicheke.

Eksteno inakuja pamoja na barua hii kwa basi la Katesh. Binti yako Elizabeti ana kompyuta shuleni kwake, atakufungulia. Lakini maliza kusoma kwanza. Sitaki uambiwe na mashine.

Nilikuwa nimekuja nyumbani Gitting likizo na kinasa sauti, namuuliza mama maneno ya kilimo. Kila nilipomuuliza jina la mbegu, alikurudia wewe. Ulikuwa umetimiza miaka minne ya ndoa kwa mumeo Mbarbaig, mtu wa kabila ambalo wazee wetu waliliita adui, na ukoo ulikuwa umekataza usitajwe. Aliyesimama mbele ya wazee na kulisema katazo hilo ni mimi, msomi wao. Siku alipozidiwa, mama alinishika mkono. "Nenda Mogitu uniletee /Awaak. Aje na mtoto. Na mumewe aje, nimwone." Hayo yamo kwenye kanda.

Nilikwenda, Veronika. Nilitoka alfajiri, na jua lilikuwa halijawa kali nilipofika. Nilisimama nyuma ya miiba ya boma lenu. Ulikuwa unasafisha kibuyu cha maziwa, mtoto mgongoni, mama mkwe wako akasema kitu, ukacheka mpaka ukakiweka kibuyu chini. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mtu anayejuta. Kwa mtu anayecheka sikuwa na neno. Nikageuka.

Msalimie shemeji, ambaye sijawahi kumpa mkono. Mwambie namwomba anisamehe kama anaweza. Msalimie Elizabeti, aongeze sauti ya kompyuta, maana mama aliongea chini. Msalimie Paskali, mdogo wetu wa mwisho, aliyebaki na shamba la baba. Najua miaka yote hii hakusemeshi, nawe unadhani ni kwa ajili ya ndoa yako. Mpelekee barua hii aisome mwenyewe. Siku ile alikuwa amekaa kando ya kitanda, na aliniamini.

Wewe sikudai jibu. Ukiwa na neno la kuniambia, liseme tu hapo ulipo, kwa lugha yetu.

Limebaki lile aliloniuliza Tekla. Nilikuwa nimemfundisha mama kitufe chekundu cha kurekodi. Aliposikia hatua zangu uani alikibonyeza mwenyewe, ili ukiingia sauti yako ibaki. Ndiyo maana mlango unasikika. Nikaingia peke yangu. Akauliza, "Yuko wapi?" Nikamwambia, "Nimemkuta. Amekataa kuja."

Kaka yako,
Bonifasi