Masunga Hakuyamaliza Mafuta

Baba Elina,

Uji uko kwenye chupa. Yule mnunuzi akija saa nne, mpe kiti na uji, lakini gari ~~mwambie asubiri kidogo~~ haliuzwi. Ufunguo ninao mimi.

Nacheka peke yangu huku naandika! Asubuhi niliwasha injini ikapata moto, nikachukua mita yetu ya kupimia sola, nikaigusisha kwenye waya wa sensa ya oksijeni, ile iliyo kwenye bomba la moshi. Ikiwa nzima, namba hupanda na kushuka bila kutulia. Hii imeganda chini. Nilikagua waya, nikatafuta kama bomba linavuja, hakuna. Mwisho nikamwomba mama yako akanyage mafuta kwa nguvu. Namba haikutikisika!

Kwa hiyo gari linadhani mafuta ni machache, linajiongezea tu. Ndiyo maana tanki linaisha upesi.

Mama akauliza, "Kumbe mwanangu hakuwa analiendesha kwa siri?" Nikamjibu hakuwa. Akacheza uani kama vile ng'ombe wetu kazaa mapacha.

Ulimsema mdogo wako Masunga mbele ya wageni, eti analipeleka gari kijijini Sola kwa mchumba. Wiki mbili hajala kwetu. Siku ile sikukubishia, nilikuwa sijapima.

Nimepanda bodaboda kumfuata huko kijijini Sapiwi. Jogoo mwekundu achinjwe. Mita iko juu ya boneti. Tukifika, mpimie wewe mwenyewe, aone, halafu useme ulichokosea.

Mama Elina, fundi wako