Pasi Iliyokatisha Hotuba

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Nampula. Hapa Palma tu wazima, na mbuzi wa mama yako kazaa mapacha.

Umeniuliza kama kuzidisha volti kwa ampea kuna faida nyumbani. Ipo tele! Siku ya harusi yangu, jenereta ya volti 220 haikuweza kutoa zaidi ya ampea tatu, yaani wati 660. Kaka yangu akashika kipaza sauti, akataja mababu zetu mmoja mmoja huku pilau inapoa. Shangazi akachomeka pasi anyooshe shela yangu. Pasi ilitaka ampea tano, wati 1,100. Jenereta ikazimika.

“Nani kanizimia?” kaka akafoka.

“Mababu wameshashiba,” shangazi akamjibu, “wageni bado.”

Jumapili dada yako anaolewa. Jenereta tumeazima, na kaka yangu huyohuyo, babu yako, kashaomba kipaza sauti. Njoo na pasi.

Bibi yako