Kibonge na Vidole vya Wageni

Jumapili, 8 Juni

Wageni wengi leo. Miguu inawaka. Mtoto mdogo amelala kifuani, naandika kwa mkono mmoja.

Hawaji kwa ajili yetu, wanakuja kwa ajili ya Kibonge. Na ndama mwenyewe anajijua! Akisikia gari getini anaanza kulia. Mume wangu ameandika ubao mpya kwa rangi nyekundu: KARIBU UNYONYWE VIDOLE. Nikamwambia, baba watoto, watu wataogopa. Akasema watacheka kwanza, na wakishacheka wameshaingia. Kweli wameingia.

Mama mkwe ndiye aliyetufundisha. Ndama aliyetengwa na mama yake hajui ndoo. Unachovya vidole kwenye maziwa, unampa anyonye, unateremsha mkono polepole mpaka ndani ya ndoo, naye anafuata. Siku chache tu anakunywa mwenyewe, vidole basi. Kibonge ndoo anaijua zamani. Ni sisi ambao hatukumwachisha. Mtoto wa mjini akinyonywa vidole na ndama anacheka mpaka anakaa chini, na wiki inayofuata wazazi wanarudi na majirani zao. Mama mkwe analalamika kwamba tunamdekeza kuliko wajukuu zake. Nikamwambia huyu ndiye mjukuu anayetuletea watu.

Binti yangu ndiye mwalimu wa wageni. Wamempa jina, Meneja. Miaka mitano, na anawaamrisha watu wazima: usimvute, mwache akutafute. Anatafuna kucha hadi nyama. Nimempaka shubiri vidoleni, anailamba huku ananiangalia machoni. Sijui nimezaa nini.

Kibonge ana mchubuko puani. Waya wa uzio, nadhani. Nimemwosha kwa maji ya chumvi.

Jumamosi, 5 Julai

Jumamosi ya kuvunja mgongo. Darasa zima la chekechea asubuhi, familia mchana. Mwalimu wao ana sauti ya kunyamazisha hata bata. Akawapanga mstari, kila mtoto zamu yake kwa Kibonge, mimi napiga picha. Ndiyo kawaida yetu: napiga, nachukua namba ya mzazi, natuma wasap jioni. Hakuna tangazo linaloshinda hilo.

Mmoja tu sikumtumia. Mtoto wa kike mwenye gauni la njano, amekuja na bibi yake kwa miguu. Bibi ana simu ndogo ya vitufe, haipokei picha. Akasema nikae nayo, siku moja watakuja kuiangalia kwangu. Alinisaidia hata kumbembeleza mdogo. Watu wengine wanakupumzisha kwa kuwepo tu.

Jioni Kibonge amekataa ndoo. Vidole alivipokea, lakini maziwa yakamwagika pembeni mwa mdomo. Ameshiba wageni huyu.

Jumatatu, 7 Julai

Kibonge hali. Udenda unaning'inia kama kamba. Analia, na sauti imekauka, kama mlango mbovu. Mume wangu akasema kuna kitu kimemkwama, kiazi au nini. Akaingiza mkono mzima akapapasa mpaka kooni. Hakuna kitu. Meno yalimkwaruza, damu kidogo. Akajifuta kwenye suruali, akaenda kukata majani.

Meneja amekaa naye mchana kutwa akimchovyea vidole. Sikumkataza. Nilifurahi ametulia mahali pamoja, nikapata kumnyonyesha mdogo.

Nimempigia daktari wa mifugo. Anakuja kesho.

Jumanne, 8 Julai

Hakuingia zizini. Hicho ndicho kilichonitisha kwanza. Huyu daktari huwa anaingia kwanza, salamu baadaye. Leo amesimama mlangoni, ameangalia tu. Kibonge alikuwa anajaribu kuinuka, miguu ya nyuma haitaki.

Akavaa glovu. Akauliza, kwa upole kabisa, nani ameweka mkono kwenye mdomo wa huyu.

Mume wangu akacheka. Akamwonyesha ubao.

Daktari hakucheka. Akauliza kama kuna mbwa amepita hapa karibuni. Nikasema hapana. Mume wangu akasema hapana. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga, akaacha. Akasema kulikuwa na mbwa mmoja mgeni, mwekundu, alimkuta zizini asubuhi akamfukuza kwa ufagio. Akaona si jambo la kusema. Lini, mama? Akafikiri. Wakati ule ndama alipojichana na waya.

Kichaa cha mbwa. Ng'ombe naye anaweza kukipata! Daktari alisema hana uhakika mpaka kichwa kipimwe, lakini sisi twende hospitali leo, si kesho. Akatuwekea sabuni bombani, akasimama kutusimamia kama watoto wa shule. Mume wangu, mimi, mama mkwe, Meneja. Maji yanapita, yanapita. Meneja akafurahi kwamba leo hakuna anayemwambia afunge bomba.

Niliviangalia vidole vyake chini ya maji. Kila ukucha umetafunwa. Kila kidole kina kidonda.

Jumatano, 9 Julai

Kibonge amekufa kabla hatujaamka. Daktari amekuja kuchukua kichwa, amekitia kwenye ndoo yenye mfuniko, na barafu. Nimemfungia Meneja chumbani na katuni.

Ya hospitali jana sikuyaandika. Tumechomwa wote. Meneja alichomwa mpaka kwenye vidole vyenyewe. Alilia kimya, machozi tu, hapo ndipo nami niliposhindwa. Bado sindano nyingine zinafuata. Nikamwuliza muuguzi kuhusu mdogo, kwamba namnyonyesha. Akasema ninyonyeshe tu. Nikamwuliza tena. Akasema tena. Mama mkwe alikuwa amekataa kabisa sindano, ati yeye mzee, wapewe watoto. Nikamvua kitenge begani nikamwambia mama, kaa. Akakaa. Sijawahi kumwambia hivyo.

Nikamwuliza na daktari wa hospitali: kama mtu hakuchomwa, akaja baadaye akiwa ameshaanza kuumwa? Akasema dalili zikishaanza hakuna dawa. Alisema kama mtu anayekuambia duka limefungwa.

Njiani nilikuwa nahesabu watoto wa mstari ule na kupoteza hesabu.

Nimemwambia mume wangu jioni hii kwamba tuwapigie wageni wote. Akasema tusubiri majibu ya kichwa. Huenda si hicho. Huenda ni sumu, majani mabaya. Tukiwapigia leo na kesho ikawa sumu, tumeliua shamba kwa mikono yetu, hakuna atakayekumbuka majibu, watakumbuka simu. Ana haki ya kuogopa. Shamba hili kalitoa kwenye vichaka. Lakini mkono wake una bandeji na yeye alichomwa bila kusubiri majibu ya mtu.

Nikamwambia hivyo hivyo.

Akatoka nje. Bado yuko nje.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepiga. Nilianza kabla ya chai, nikijua nikinywa chai nitapata sababu.

Nafungua picha, natazama mkono, napiga namba. Picha zilezile nilizokuwa nazionea fahari. Watoto wamefumba macho kwa kicheko, vidole vimezama mdomoni, udenda hadi kiwiko. Nazikuza moja moja natafuta mikwaruzo. Ngozi ya mtoto ni kitu chembamba kiasi gani!

 Mwalimu wa chekechea akasema atawapeleka wote yeye mwenyewe, kwa gari la shule, leo leo. Baba mmoja alinitukana. Mimi, mama yangu, na ng'ombe wetu. Nikamwacha amalize, nikamrudia tena jina la hospitali. Mama mwingine akaniuliza kama binti yangu naye alishika. Nikasema ndiyo. Akalia, nikalia, hatukuagana.

Meneja alikuwa chini ya meza muda wote. Akaniuliza, "Mama, nilimfundisha vibaya Kibonge?"

Nikamwambia hapana, alimfundisha vizuri sana. Ndiyo shida yenyewe, lakini hilo sikumwambia.

Mchana nikasikia nyundo. Mume wangu anang'oa ubao. Aliingia nao ndani, akauegemeza ukutani maandishi yakiangalia ukuta, akauliza wamebaki wangapi. Akachukua simu yake, akakaa kando yangu. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Hakusema sumu. Hakusema huenda.

Amebaki mmoja. Gauni la njano.

Sina namba, sina jina. Nina picha mbili tu. Kwenye ya kwanza ana plasta kwenye kidole cha shahada, plasta ya bluu, na mkono wake uko kwenye ndoo. Kwenye ya pili mkono unatoka mdomoni mwa Kibonge. Hakuna plasta.

Nimezitazama mpaka simu imezima.

Ijumaa, 11 Julai

Majibu yametoka. Ndicho.

Mume wangu ametoka na pikipiki ya jirani tangu asubuhi, picha kwenye simu, anauliza dukani, shuleni, kwenye mashine ya kusaga, zahanati zote. Walikuja kwa miguu, hawawezi kuwa mbali. Lakini mtu humtembelea mtu. Huenda yule bibi alikuwa mgeni tu kwa nduguye, na sasa yuko mbali kwa basi, na mtoto anacheza.

Mama mkwe amefagia zizi, akamwaga dawa, akafagia tena. Nikamwambia mama, acha sasa. Akasema ule ufagio aliomfukuzia mbwa ameuchoma.

Nimemshika Meneja paji la uso mara ngapi leo. Ana joto? Hana. Ana? Ameniambia, mama, mkono wako ndio wa moto.

Jumamosi, 12 Julai

Geti tumelifunga kwa mnyororo. Nimeweka kiti hapo nje kumrudisha kila anayekuja. Wawili wamegeuza magari, mmoja hata dirisha hakushusha, ameshasikia. Mume wangu hajarudi, leo amekwenda upande wa mtoni.

Ni saa nne hivi. Naandika jikoni, nimesimama.

Wamekuja. Kwa miguu, wenyewe. Niliona njano kwanza, kule kwenye kona. Gauni lilelile. Bibi anatembea polepole na mwavuli, akapunga mkono toka mbali kama ndugu, akasema wamekuja kuiangalia ile picha yao, mtoto hakumpa usingizi wiki nzima. Na mtoto akakimbia mbele yake hadi kwenye geti, akapitisha mkono kati ya vyuma, vidole vimeshanyooka tayari.

Nilitaka kusema palepale. Midomo ilifunguka. Nikasikia namwambia karibu mama, pumzika kwanza. Nikafungua mnyororo. Nimewaketisha kibarazani nikasema naingia kuleta maji na simu. Maji haya hapa. Simu hii hapa. Nimeshampigia mume wangu, anarudi na pikipiki awapeleke. Kidole cha mtoto nimekiona. Kimepona, kina kakovu ka waridi, hata mtu hawezi kukiona asipokitafuta. Anacheka, anakula vizuri, hana joto. Nilimgusa wakati namsalimu. Wiki moja. Daktari wa hospitali alisema wiki si kuchelewa. Alisema kwa kawaida. Kwa kawaida!

Nimsemeshe vipi? Aliniachia mjukuu wake nimpige picha, akambeba wangu.

Kupitia dirishani namsikia Meneja. Ametoka chumbani, sikumwona akipita. Mgeni mdogo anamwuliza Kibonge yuko wapi. Meneja anajibu kwa ile sauti yake ya kazi, taratibu, kama anavyofundisha watu wazima.

"Kibonge hayupo. Wewe utachomwa sindano. Usivute mkono, ukivuta inauma zaidi. Angalia vyangu."

Kiti cha bibi kimelia.

"Sindano gani, mjukuu wangu?"