Pakiti Ishirini kwa Teleksi

Jumanne jioni

Bado nina hasira, na aibu pia. Dawa ya kupe kutoka kampuni mpya ya Nairobi imefika leo: chupa ishirini. Sisi tulitaka katoni ishirini. Wafugaji wa Gatitu walikuwa wamejaa dukani tangu asubuhi.

Bwana Gathogo, mwenye duka, alinifokea mbele yao. "Teleksi ni wewe unapiga! Uliandika nini?"

Nilimwonyesha nakala. Niliandika "pakiti ishirini." Kwetu pakiti ni katoni nzima. Nikampigia simu karani wa teleksi wa kampuni ile, Halima.

"Dada, huku pakiti ni chupa moja," akasema. "Ati hamkujua?"

Sikujua. Naye hakujua kwamba sisi tukiandika "haraka" tunataka mzigo kesho yake; kwao "haraka" ni ndani ya wiki! Basi tukapitia maneno ya oda moja moja, kila mmoja akiandika kwenye orodha yake maana tuliyokubaliana.

Bwana Gathogo akasema napoteza wakati.

"Bosi, bila orodha hii sipigi teleksi nyingine," nikamjibu. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Akaenda zake. Labda kesho sina kazi.

Halima ameahidi katoni zitapakiwa kwa lori kesho alfajiri. Zile chupa ishirini tuliwagawia wafugaji waliokuwa na ng'ombe wagonjwa. Ya kwanza nilimpa Mama Nyambura, aliyezika ndama wawili wiki hii akingoja dawa.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Asante, mwanangu." Afadhali angenitukana, maana ni neno langu lililomchelewesha.