Ninunue Sasa au Nimsubiri Khamis

Jumatatu, 5 Januari
Nepi nshaanika. Ilham kalala. Nikawasha kompyuta ya baba yake, feni ikaguna kama kawaida. Mume wangu Khamis alikuwa keshaingia kwenye gemu kutoka huko kazini kwake Maskati, ananisubiri barazani. Nyumba yetu ya mle ndani ina roshani, mwasumini, na chumba cha Ilham chenye dirisha la bahari. Leo tumepanda mlangilangi. Nnapokuwa mle sisikii joto wala honi za mtaani.
Kisha likatokea tangazo. Jumamosi ya wiki ijayo gemu linabadilishwa. Mashine kongwe hazitalifungua. Yetu kongwe.

Jumatano, 7 Januari
Darajani, kwa fundi. Kafungua, kapuliza vumbi, kacheka. "Mama Ilham, hii ya kuwekwa makumbusho." Inataka kadi mpya ya picha, na pawasaplai mpya ya kuipa umeme wa kutosha. Upatu wangu umetoka juzi, naweza. Nikamuuliza, ninunue sasa au nisubiri bei ishuke? "Subiri. Zikija mpya, hizi zitashuka. Na zikija hizo, utataka kusubiri zijazo."
Nimerudi na kichwa kizito na mchicha.

Ijumaa, 9 Januari
Khamis kasema nisinunue. Sikukuu ya Idi anakuja likizo, kadi ataileta mwenyewe. Mwaka wa pili huu hajaja. Nimefurahi mpaka nimeunguza samaki.
Mama mkwe kanitazama. "Wenzio wanajengewa nyumba Fuoni, wee umejengewa kiooni." Nikacheka. Kweli. Lakini naipenda ile nyumba. Jana nimeota nafungua mlango wa roshani, mkono ukagusa mbao. Mbao hasa, ina joto la jua.

Jumatano, 14 Januari
Khamis haji tena hiyo Idi. Tajiri wake anataka kumuongezea mkataba, na yeye anaelekea kukubali. Kadi atampa jirani yetu anayerudi kutoka huko. "Utacheza tu, roho yangu, hutokosa kitu."
Sitokosa kitu!
Jioni Ilham alikimbilia kioo cha kompyuta. Kambusu yule mwenye kanzu ya buluu, baba yake wa kwenye gemu. "Baba." Kadi mpya ingemng'arisha tu yule wa kioo, mwanangu azidi kumbusu.

Alhamisi, 15 Januari
Nimemwambia asitume. Na mie sinunui. Ailete kwa mkono wake, la sivyo nyumba ikae imefungwa. Mtu wake kwenye gemu kasimama chini ya mlangilangi, hatikisiki. Nikazima.
Naogopa. Pengine nimemkaba. Lakini nnamtaka yeye.

Jumamosi, 17 Januari
Gemu halikufunguka. Nikafungua kasha la kompyuta, nikafuta vumbi polepole. Pale pa kadi Ilham akachomeka biskuti. Nimeiacha kidogo.
Baada ya Alasiri ikaja sauti ya Khamis kwenye simu. Kamkatalia tajiri. Idi anakuja. Anataka kipimo cha mguu wa Ilham, amnunulie viatu. Upepo ulijaza pazia, ukaliachia.
Kisha nikamsimamisha Ilham juu ya kipande cha boksi la biskuti, nikauzungushia wayo wake kalamu. Anacheka, inamtekenya. Mbele ya vidole nikaacha nafasi kidogo. Mpaka Idi atakuwa kakua.