Yule Mlalamikaji wa Tovuti Yenu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Natumaini wewe na wajukuu zangu hamjambo. Mimi nipo, ila mkono unatetemeka, uvumilie mwandiko. Nililokuficha ni hili: yule mzee mkorofi anayeiandikia ofisi yenu kulalamikia tovuti ya hospitali, akijiita Mteja Aliyechoka, ni mimi baba yako.

Nilikuwa nakusikia mezani ukimwambia mama yako kwamba mtu huyo hana kazi ya kufanya, na kwamba bosi amekukalia kooni kwa sababu yake. Nami nikacheka pamoja nanyi, nikasema huenda ana mke mkali. Mama yako akanikata jicho.

Lakini mliniudhi, mwanangu! Hospitali inanitumia ujumbe, nabonyeza, naambiwa niingie kwanza. Haya. Naandika neno la siri kwa kidole kisichotulia, nakosea, narudia. Nikishakubaliwa, badala ya kupelekwa nilikokuwa naenda, natupwa ukurasa wa mwanzo, kwenye picha ya manesi wanaocheka. Nani aliwaomba kicheko? Nautafuta ukurasa wangu upya, na kabla sijaupata naambiwa muda umekwisha, niingie tena. Mlinzi gani anakuuliza jina mlangoni, ukishamjibu anakurudisha barabarani? Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, leo nashindwa na mlango! Nawe, bila kujua ni mimi, ukanijibu kwamba nijaribu tena taratibu. Taratibu! Nusura niitupe simu dirishani.

Ningeweza kukuomba unisaidie. Lakini ungekaa kando yangu, ukaona nilichokuwa nafungua.

Juzi ulikuja umefurahi, ukasema umeshairekebisha: sasa tovuti inakumbuka mtu alikuwa ukurasa gani na kumrudisha palepale, na mkorofi wako atanyamaza. Ulipoondoka nilijaribu. Ikanifikisha moja kwa moja. Kazi safi, mwanangu. Hata hivyo, nilipomaliza kusoma nilitamani initupe tena kwa wale manesi.

Msalimie mkwe wangu, wabusu watoto, na mama yako usimwambie chochote mpaka ufike hapa tumwambie pamoja. Usichelewe. Ukurasa ule ulikuwa wa majibu ya vipimo vyangu: ni saratani, imeshafika kwenye ini, na madaktari hawana tena la kufanya.

Ni mimi,
Baba yako